Namba 1, nyota tatu au A+? Kulinganisha stika za umeme kwa anayeishi Dodoma

Shemeji yangu anauza juisi ya zabibu na barafu pale Nkuhungu. Oktoba iliyopita, jua la Dodoma likiwa utosini, alinitumia picha tatu za WhatsApp akiwa bado dukani, na chini yake ujumbe mmoja: "Shem, nichukue lipi? Muuzaji anasema yote hayali umeme."

Sijawahi kukutana na muuzaji wa friji aliyekiri kwamba la kwake linakula umeme, kwa hiyo hapo sikushangaa. Kilichonivuta ni stika. Friji la kwanza lilikuwa jipya, limetoka China, lita 300, lina stika ya maandishi ya Kichina na namba 1 kubwa. La pili lilikuwa jipya pia, la India, lita 240, nyota tatu zimepakwa rangi kati ya tano. La tatu lilikuwa mtumba wa Ulaya, lita 300, na stika yake ya zamani bado iko mlangoni: mishale ya rangi kuanzia kijani hadi nyekundu, na A+ juu kabisa.

Nilimuuliza yeye angeyapangaje. Akasema A+ la kwanza, maana shuleni A+ ni A+. Nyota tatu la pili. Namba 1 la mwisho, "moja si ndogo?" Alikuwa ameupindua mpangilio wote, miguu juu kichwa chini, na simlaumu. Stika hizo zilitungwa na serikali tatu kwa ajili ya watu wao, na hakuna hata moja iliyomfikiria mteja wa Nkuhungu.

Kabla sijaendelea, nitenganishe jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Alama ya ubora ya TBS, shirika letu la viwango, inakwambia bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa. Haipangi friji hili na lile kwa ulaji wa umeme. Stika ninazozungumzia hapa kazi yake ni hiyo ya pili, na kwenye maduka ninayopita Dodoma nyingi ninazoziona ni za nchi bidhaa ilikotengenezwa au ilikokuwa ikiuzwa mwanzo.

Zinazosomwa kinyume: China na India

China ilianza stika yake ya lazima mwaka 2005. Bidhaa hupangwa kwa ngazi, na ngazi ya 1 ndiyo inayobana matumizi kuliko zote. Isome kama nafasi darasani: wa kwanza ndiye bora, wa tano ndiye anayeburuza mkia. Korea Kusini nao husoma hivyo hivyo.

India ni kinyume. Taasisi yao ya ufanisi wa nishati, BEE, ilianza kazi mwaka 2002, ikaleta nyota mwaka 2006, na kufikia Januari 2010 stika ikawa ya lazima kwa baadhi ya bidhaa, yakiwemo mafriji yasiyogandisha barafu ukutani na viyoyozi. Hapo nyota ni kama za hoteli, tano ndiyo juu. Majirani zetu Kenya wameufuata mtindo huo: kanuni zao za mwaka 2016 zinaweka nyota moja hadi tano, na bidhaa yenye stika hiyo unaweza kuikuta hata huku, maana barabara ya Namanga, Arusha, Babati na Kondoa haichagui mzigo.

Kwa hiyo "1" ya China ni sifa, na "1" ya India au Kenya ni aibu. Nimeshasikia dukani muuzaji akimwambia mteja kwamba namba 1 ni nyota moja. Hakuwa anadanganya, naye alikuwa anabahatisha kama mteja wake.

Kuna kitu kimoja cha India ninachokipenda: nyota zao zina umri. Serikali hukaza jedwali kila baada ya miaka kadhaa, na stika yenyewe huandikwa kipindi inachohusika. Julai 2022 walipokaza upande wa viyoyozi, kilichokuwa nyota tano kilishuka hadi nne bila kubadilika hata skrubu. Ukiona nyota tano, angalia na mwaka. Nyota tano za jedwali la zamani na nyota nne za jedwali jipya zinaweza kuwa mashine ile ile.

Herufi za Ulaya, na mtumba wetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoliwa mimi mwenyewe.

Umoja wa Ulaya ulianza stika ya A hadi G kwa agizo la mwaka 1992. Ilifanya kazi vizuri mno. Viwanda vilishindana kufika A, vikafika, na baada ya muda karibu kila friji dukani likawa A. Wakaongeza ghorofa juu ya paa: kwa mafriji A+ na A++ zilikuja mwaka 2003, na A+++ ikafuata mwaka 2010. Matokeo yake ikawa kama mtihani ambao aliyepata A ndiye wa mwisho. Mnunuzi anaona A+ anafurahi, kumbe mezani pale hiyo ndiyo daraja la chini.

Tarehe 1 Machi 2021 wakafuta zile jumlisha na kurudi A hadi G, kwa kipimo kikali zaidi. Friji lililokuwa A+++ likajikuta C au D. Balbu za LED, ambazo zamu yao ilifika Septemba mwaka huo huo, ndizo zilizoshtua watu: iliyokuwa A++ iliamka ikiwa E au F. Haikuwa imeharibika. Waliacha makusudi nafasi ya juu wazi, ili viwanda viwe na pa kupanda.

Sasa chukua historia hiyo uilete kwenye mtumba. Mwaka 2018, nilipokuwa bado mgeni Dodoma, nilinunua friji la mtumba kwa sababu ya A+ ya kijani mlangoni. Umeme wa elfu ishirini uliokuwa ukinimalizia mwezi ukaanza kuisha wiki ya tatu. Fundi alipokuja hakuangalia stika kabisa. Aliingiza noti kati ya mlango na fremu, akafunga, akaivuta, ikatoka bila kukwama. "Rabha imekauka, bosi. Kompresa haipumziki." Ile A+ ilikuwa ya kweli siku friji lilipotoka kiwandani. Ilipimwa maabara, chumba cha nyuzi 25, mlango umefungwa. Haikupimwa likiwa na umri wa miaka zaidi ya kumi, jikoni kwenye bati lisilo na dari, watoto watano wakifungua na kufunga.

Stika ya mtumba, basi, ni cheti cha kuzaliwa. Hali ya afya ya leo haiandiki.

Nyota ya Marekani: ni nembo tu, lakini ina kisa

Waliojifunza kompyuta kwenye intaneti kafe za miaka ya 2000 wataikumbuka: unawasha, skrini nyeusi, na pembeni inatokea nembo yenye nyota na neno Energy. Ndiyo Energy Star, mpango wa wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, ulioanza mwaka 1992. Bidhaa za kwanza zilikuwa kompyuta na skrini zake, na hoja ilikuwa rahisi: mashine isiyotumika ilale. Baadaye wakaingiza mafriji, viyoyozi, na mwaka 1995 nyumba nzima.

Tofauti yake na zote nilizotaja ni kwamba haipangi madaraja. Ni ya hiari, na ni ndiyo au hapana. Bidhaa imevuka mstari, inapewa nembo. Haijavuka, haina. Huwezi kujua kati ya friji mbili zenye nembo ipi inakula kidogo. Wamarekani wenyewe wana stika nyingine ya manjano, EnergyGuide, ya lazima tangu 1980, ndiyo inayoandika uniti kwa mwaka. Mwenye busara husoma zote mbili.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 2010. Wakaguzi wa bunge la Marekani walitunga bidhaa 20 za uongo wakaziombea nembo. Kumi na tano zilipita. Moja ilikuwa saa ya kengele inayoendeshwa kwa petroli. Nyingine ilikuwa kifaa cha kusafisha hewa ambacho kwenye picha kilionekana wazi kuwa ni hita iliyobandikwa fagio la manyoya. Tangu 2011 wakalazimisha bidhaa zipimwe na maabara huru zinazotambuliwa, na uaminifu ukarudi. Nakumbuka kisa hiki kila ninapoona stika inayong'aa sana: swali la kwanza ni nani alipima, mtengenezaji mwenyewe au mtu mwingine?

Kwa Dodoma, Energy Star ina maana upande wa ofisi: kompyuta, skrini, printa. Friji la Kimarekani sikushauri ulifikirie. Kule umeme wa majumbani ni volti 120, kwetu ni 230, na mengi ni makubwa kama kabati la nguo.

Tuache rangi, tusome uniti

Karibu stika hizi zote, ukiondoa nembo tupu, zina namba ndogo chini ambayo hakuna muuzaji anayekuonyesha: kWh. Hiyo ndiyo uniti ile ile unayonunua kwenye LUKU. Ulaya na India huandika kwa mwaka. China, kwenye friji, huandika kwa saa 24, kwa hiyo zidisha kwa 365. Hapo nchi zote zinazungumza lugha moja.

Nikamwambia shemeji apige picha tena, safari hii sehemu ya chini. La China: 0.75 kwa siku, yaani uniti 274 kwa mwaka. La India: 230 kwa mwaka. Mtumba: 297.

Umeona kilichotokea? Lenye nyota tatu tu ndilo linalokula kidogo kuliko yote. Sababu ni kwamba nyota na herufi hulinganisha friji na wenzake wa ukubwa wake. Friji kubwa lenye daraja zuri linaweza kula kuliko dogo la daraja la kati, kama vile basi linalobana mafuta bado linakunywa kuliko bajaji. Daraja linakwambia kama kiwanda kilifanya kazi nzuri. Uniti zinakwambia utalipa nini. Kwa anayechagua, uniti ndizo za kuanza nazo, na daraja litumike kuamua kati ya mafriji mawili ya lita zinazokaribiana. Huo ndio msimamo wangu, na nitaurudia nikifika kwenye nyumba.

Shilingi sasa. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356, ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Kwa huyo, friji la India ni karibu shilingi 82,000 kwa mwaka, la China 98,000, mtumba 106,000 kama ungekuwa bado una afya ya ujana wake, jambo ambalo sikuliamini.

Mteja wa D1, yaani wa nyumbani mwenye matumizi madogo, hesabu yake ni nyingine kabisa. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi analipa 100 kabla ya makato, kwa hiyo elfu tisa mia moja na hamsini inamtosha mwezi mzima. Kwake tofauti ya uniti 67 kwa mwaka kati ya mtumba na la India ni kama shilingi 8,000, haifiki hata bei ya kuku. Wengi husoma hapo wakasema stika si ya watu wadogo. Lakini angalia ukingo. Uniti ya 76 bei yake inaruka hadi 350 kabla ya makato, na ukizoea kuvuka unaweza kujikuta umehamishiwa T1, ambako zile 75 zenyewe zinakuwa zaidi ya shilingi 26,000. Friji la uniti 19 kwa mwezi na la uniti 25 kwa mwezi linaweza kuwa ndilo linaloamua uko upande upi wa ukingo. Mwenye taa nne, televisheni na simu, stika inamlinda asidondoke. Mwenye pasi na hita ya maji ameshavuka siku nyingi, na kwake kila uniti ina bei kamili.

Kitu kingine kisichoandikwa na rangi: herufi ya hali ya hewa, iko kwenye bamba la ndani au nyuma. N ni friji lililotengenezwa kwa joto la nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Dodoma si Dar, usiku wa Julai tunavaa masweta, lakini Oktoba na Novemba mchana huvuka 30 nje, na ndani ya kibanda cha bati sitaki hata kusema. Lenye N tu litahangaika. Kwa biashara ya barafu tafuta T.

Viyoyozi, taa na sola, kwa haraka

Kiyoyozi: kama una cha India na cha Ulaya mbele yako na bei zinakaribiana, mimi naiamini zaidi stika ya India. Ufanisi wao hupimwa kwa msimu mzima wa joto la India na makadirio ya saa 1,600 kwa mwaka, jambo linalofanana na maisha yetu kuliko kiangazi cha Ulaya. Ila jiulize kwanza kama unakihitaji. Hewa ya Dodoma ni kavu na usiku hupoa. Feni ya dari ya wati 70 kwa saa nane ni karibu shilingi 200 kwa bei ya T1. Kiyoyozi kinachovuta wastani wa wati 800 kwa saa hizo hizo ni zaidi ya 2,200. Hakuna nyota itakayoziba pengo hilo.

Taa: puuza wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, tafuta lumeni, yaani kipimo cha mwanga wenyewe. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800. LED nzuri inazitoa kwa wati 8 au 9. Boksi lisilotaja lumeni liache hapo hapo.

Taa za sola za vijijini, za Chamwino na Mpwapwa huko: tafuta iliyopimwa na VeraSol, ambayo tangu 2020 imechukua kazi ya ukaguzi wa Lighting Global, mpango wa kundi la Benki ya Dunia wa taa za sola. Si stika ya serikali, lakini inapima mwanga, betri na kama maelezo ya boksi ni ya kweli. Kwenye sola uongo wa boksi ndio ugonjwa mkubwa.

Nyumba: cheti cha wapi kinaielewa Dodoma?

Friji unaweza kulibadilisha. Nyumba ukishakosea utakaa nayo. Na watu wanajenga: Iyumbu, Nzuguni, Nala, Mtumba, tangu serikali ilipohamia kwa kishindo mwaka 2016 nyundo hazijanyamaza.

Uingereza na Ulaya wana cheti cha nyumba, EPC, kilichozaliwa na agizo la mwaka 2002. Ni A hadi G kama friji, kinadumu miaka kumi, na kinaandikwa na mtaalamu anayekagua kuta, paa, madirisha na mtambo wa joto. Kina meno: England na Wales, tangu Aprili 2018, nyumba iliyo chini ya E hairuhusiwi kupangishwa upya isipokuwa kwa msamaha maalumu. Nayapenda meno hayo. Lakini swali linaloulizwa na EPC ni "joto linatoroka vipi?" na sisi tunauliza "linaingia wapi?" Kuinakili huku ni kununua koti la baridi kwa sababu limeshonwa vizuri.

Australia ndio waliofikiri karibu na sisi. Mpango wao wa NatHERS hutoa nyota 0 hadi 10 kwa ramani ya nyumba, na umeigawa nchi katika kanda 69 za hali ya hewa. Ramani ile ile inapata nyota nyingi mji huu na chache mji ule, na kiasi cha nishati ya kupoza na cha kupasha joto vinaandikwa mbali mbali. Laiti kila mwenye kiwanja Dodoma angelielewa hilo moja. Tumebeba ramani za Dar tukazileta huku. Dar usiku haupoi, unyevu ni mwingi, dawa ni upepo upite, ukuta mwepesi, madirisha makubwa kila upande. Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana unachoma na usiku unapoa. Ukuta mnene unalichelewesha joto mpaka usiku, na usiku unaufungulia dirisha. Wagogo walilijua hilo kabla ya stika yoyote: tembe, kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, vidirisha vidogo. Ingia ndani ya tembe saa nane mchana, kisha uingie kwenye nyumba ya bati isiyo na dari iliyo jirani. Huhitaji cheti.

Sisemi turudi kwenye tembe. Kulikarabati kila msimu wa mvua si mchezo. Nasema cheti kizuri kwetu kingetoa alama kwa vitu hivyo.

Kinachokaribia, na ambacho unaweza kukitumia leo, ni EDGE. Hiki si cha serikali, ni cha IFC, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia, kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Sharti lake ni jengo libane angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 upande wa utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo. Kinahesabu paa linalorudisha jua, kivuli cha nje cha madirisha, uwiano wa vioo na ukuta, feni za dari. Programu yake ya hesabu ni bure mtandaoni. Ushauri wangu kwa mjenzi wa nyumba moja: usilipie cheti, itumie programu. Ingiza ramani yako, badilisha rangi ya bati, punguza vioo vya upande wa magharibi, uone asilimia zinavyocheza, kisha umpelekee fundi. Anayejenga ghorofa za kupangisha au kuuza, huyo cheti kina faida, kwa sababu kinamsemea kwa mpangaji na kwa benki.

Mpangaji wa kawaida hapewi cheti chochote. Mwombe mwenye nyumba, au bora zaidi mpangaji anayehama, akuonyeshe meseji za LUKU za miezi michache. Kisha panda utazame kama juu ya dari kuna chochote au ni bati tupu.

Ofisi: ahadi ya mchoro au ushahidi wa mita?

Kwa majengo makubwa vyeti vimegawanyika kambi mbili, na hapa nina upande. Kambi moja inapima mchoro: jengo likikamilika kama lilivyochorwa litabana hivi. EDGE iko huko, na EPC iko jirani nayo: inakagua kuta na paa, kwa kawaida haisomi bili. Nyingine inapima bili. Energy Star ya majengo huchukua matumizi halisi ya mwaka na kutoa alama 1 hadi 100 kwa jengo. Ukipata 75 maana yake unawashinda asilimia 75 ya majengo ya aina yako Marekani, na hapo unaweza kuomba nembo, baada ya mtaalamu mwenye leseni kuthibitisha. NABERS ya Australia, iliyoanza New South Wales mwaka 1998, inatoa nyota 0 hadi 6 kwa bili za miezi 12, na sheria yao ya mwaka 2010 inawalazimisha wenye ofisi kubwa kutangaza matokeo wanapouza au kupangisha.

Alama za kambi ya pili hazitolewi Dodoma. Zimejengwa juu ya takwimu za kwao. Lakini njia yake haina hakimiliki. Jengo la vioo lenye cheti cha mchoro linaweza kuwa na mlinzi anayeacha viyoyozi vinaunguruma usiku kucha, na cheti kisijue. Anayepanga ofisi leo aombe bili za umeme za miezi 12 na ukubwa wa eneo kwa mita za mraba, agawanye, alinganishe na jengo la pili. Mwenye jengo akikataa kutoa, nalo ni jibu.

Shemeji alichukua lipi

La China, namba 1. La India lilikuwa na uniti chache, lakini lita 240 zilikuwa hazimtoshi kwa barafu, na bamba lake la ndani liliandikwa N wakati la China lilikuwa T. Mtumba ulikuwa nafuu kwa bei ya kununua. Rabha yake sikuipenda hata kwenye picha.

Wiki ya pili nikampa kazi. Jumapili, siku asiyouza, azime kila kitu isipokuwa friji, asome uniti zilizobaki kwenye mita saa kumi na mbili jioni, asome tena kesho yake saa hiyo hiyo. Ilikuwa imetoka uniti 1.1. Stika ilisema 0.75. Tukasogeza friji kutoka ukutani, nyuma ya kibanda lilikopigwa na jua la jioni, tukaliacha nafasi ya kiganja nyuma, na akaacha kuweka juisi ikiwa bado ya moto. Jumapili iliyofuata ikawa 0.9.

Ile stika ya Kichina ameibandua, inamchanganya. Mahali pake amebandika kipande cha plasta cheupe, ameandika kwa kalamu nene: "0.9". Wateja wakimuuliza ni bei ya nini, anawauzia juisi kwanza.